Risala yetu kwa mgeni rasmi, sisi wenye magonjwa ya kurithi ya uti wa mgongo na neva

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu, wazazi na wanakikundi wote, habari za saa hizi.

Kwanza naomba radhi, risala hii nitaisoma nimekaa na nitaisoma polepole, ulimi wangu mzito na maneno yanateleza, lakini sijalewa mheshimiwa, nasema mapema maana barabarani hilo ndo la kwanza watu wanalonidhania. Ugonjwa wangu unaitwa ataksia ya Friedreich, kwa jina la daktari Mjerumani aliyeanza kuueleza 1863, jeni yake ikaja kupatikana 1996. Jeni hiyo ikiwa na hitilafu mwili unapungukiwa protini ya frataksini, seli zinashindwa kutengeneza nguvu vizuri, basi neva zinazopeleka habari za miguu kwenye uti wa mgongo zinakufa taratibu, ndo maana nikifumba macho sijui mguu wangu uko wapi. Moyo nao hauponi.

Wengine humu wana Charcot-Marie-Tooth, hao ni madaktari 3 wa mwaka 1886, na huyo Tooth hahusiani na meno jamani. Kwao neva za miguuni na mikononi ndo zinachakaa, unyayo unapinda, vifungo vya shati vinakuwa mtihani.

Halafu kuna wazazi wa watoto wenye SMA, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli, hapa naomba nichukue muda kidogo. Mtoto anakosa jeni ya SMN1 inayofanya kazi, neva za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli zinakufa, akili yake timamu kabisa ila shingo haikazi, na wale wa aina kali zamani wengi hawakufika miaka 2. Dawa ya kwanza ilikubaliwa Marekani Desemba 2016, 2019 ikaja ya kuingiza jeni kwa dripu mara moja tu, 2020 ikaja ya kunywa. Sasa tatizo ni muda, neva ikishakufa hairudi, dawa inaokoa zilizobaki tu, kwa hiyo anayepewa kabla dalili hazijaanza anaweza kuja kutembea, aliyechelewa anabaki na kile kilichosalia. Na kipimo chenyewe ni tone la damu ya kisigino siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, basi! Ombi letu kubwa ni hilo mheshimiwa, watoto wote wapimwe, na dawa zipatikane, maana kumpima mtoto halafu kumwambia mama yake rudi nyumbani ni ukatili.

La pili ni lawama. Akina mama humu wameulizwa walikula nini, walikosea wapi. Kwa SMA na kwa huu wangu jeni yenye hitilafu kwa kawaida inatoka kwa baba na kwa mama, wote wazima hawana hata dalili, na kila mimba nafasi ya mtoto kuugua ni 1 kwa 4. Charcot-Marie-Tooth mara nyingi mzazi mmoja anatosha. Tunaomba mshauri wa vinasaba, na akae na akina baba pia, maana wao ndo huwa wa kwanza kufungasha.

La mwisho dogo, zile ngazi za mlangoni umeziona ulivyoingia, sisi wanne tumebebwa.

Tunaomba kuwasilisha.