Wenye ditekta tunapoteza muda kwa kukimbia

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako niongee na wenzangu wenye ditekta, zile mashine za kutafutia vyuma ardhini, maana inaniuma kuona mtu anatoka nyumbani alfajiri anarudi jioni mgongo umekufa, mfukoni ana vizibo vitatu na msumari, halafu anasema eneo lile halina kitu. Kitu kipo, ni sisi tunakipita mbio.

Tatizo kubwa ni mwendo. Mtu akifika akaona uwanja mkubwa anataka aumalize wote siku hiyo hiyo, basi anatembea haraka na koili, ile sahani ya chini ya mashine inayonusa chuma, anairusha kama anafyeka nyasi, ikifika mwisho kulia inapaa, ikirudi kushoto inapaa. Sasa koili ikipaa sentimita kumi juu ya ardhi ujue hizo kumi umezitoa kwenye kina chako, na sarafu ndogo kwa mashine nyingi za kawaida ikishazidi sentimita 25 hivi hata huisikii. Ipitishe chini chini, usawa mmoja mpaka mwisho, na ukisogea hatua koili irudie nusu ya pale ilipotoka kupita, manake nguvu yake kwa koili nyingi inasinyaa kadiri inavyoshuka kama ncha ya pia, usiporudia hivyo unaacha mistari mizima huko chini hujaigusa.

Kuna uwanja mimi na rafiki yangu tuliupita mara nne tukakubaliana umeisha. Mara ya tano nikaenda na kamba, nikapima hatua tano kwa tano, nikasema leo sitoki humu ndani. Nikapita kwa urefu wote, nikageuka nikapita kwa upana, saa nzima na nusu kwenye kaeneo ka ukubwa wa chumba. Kwenye kona moja mashine ilikuwa inakoroma ule mkoromo wa chuma, ila nikisimama upande mmoja tu kanatokea kamlio kembamba, kafupi, kanakatika. Nikachimba. Ukatoka msumari wenye kutu, na pembeni yake kama vidole viwili hivi, sarafu ya fedha imekuwa nyeusi tii, imesimama wima. Msumari ulikuwa unaifunika mlio wake muda wote huo na ile kusimama wima ndo kabisa, koili haioni uso wake inaona ukingo tu. Tangu siku hiyo sipiti sehemu kwa upande mmoja.

Kingine ni huu mtindo wa kuzima milio yote ya takataka ili usichimbe sana. Mlio wa chuma ukiuzima kidogo sawa, lakini ukizima na foili na vile vishikio vya kufungulia makopo ya soda, pete nyembamba ya dhahabu nayo umeizima, milio yao inafanana. Hapo hakuna njia ya mkato, chimba.

Angalia na ulichovaa. Viatu vyenye chuma puani, simu mfukoni, koleo umelilaza karibu, vyote vinakudanganya na utapoteza nusu saa kufukuza mlio wa vitu vyako mwenyewe. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alipeleka kifaa chake kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani, hakuipata, na moja ya sababu zinazotajwa ni springi za chuma za kitanda alicholalia mgonjwa.

Mengine ni ya kufanya kabla hujatoka: betri ijae, ruhusa ya mwenye eneo uwe nayo, sheria ya mambo ya kale uijue, ramani za zamani uzitazame watu walipita wapi, walikaa wapi kivulini. Ukiweza nenda siku chache baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu mara nyingi milio inakuwa mizuri zaidi na kuchimba kunakuwa rahisi.

Halafu kuna haraka ya mwisho, na hii ndo inaniumiza zaidi, mtu akishagusa kitu kikubwa anafukua kwa pupa mpaka anavunja. Mwaka 1992 kule Hoxne, Uingereza, Eric Lawes alikuwa anamtafutia mkulima nyundo yake iliyopotea shambani, akakutana na dhahabu na fedha za Warumi. Alitoa kiasi, akaacha kuchimba, wakatoa taarifa, wanaakiolojia wakaja wakatoa udongo kwa mabonge na vitu vikiwa bado vimepangwa kama vilivyofukiwa, sarafu zaidi ya 14,000, mpaka mabaki ya sanduku lenyewe. Nyundo nayo ilipatikana, iko British Museum pamoja na hazina hiyo.

Ni mimi msomaji wako,
Mtafutaji wa siku nyingi