Kipimo cha stresi kwa mate: tusiuziwe mbuzi kwenye gunia

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Wiki mbili zilizopita hapa Kigoma sokoni Mwanga alipita jamaa ana kijimashine, unaweka kikaratasi chini ya ulimi anakwambia stresi yako iko ngapi, halafu hapohapo anakuuzia dawa ya kutuliza. Mama mmoja muuza dagaa, katoka kushusha mzigo na kikombe cha chai bado anacho mkononi, akaambiwa neva zake zimechoka, elfu kumi ikaenda hivihivi.

Mi nafundisha baiolojia. Sayansi yenyewe ipo, sio uongo. Kwenye mate kuna kimeng'enya kinaitwa amilesi, ndo ile inayofanya muhogo ukiutafuna sana uanze kuwa mtamu, na ukishtuka neva zinazouamsha mwili zinazisukuma tezi za mate ziitoe kwa wingi, inapanda ndani ya dakika chache na kushuka haraka, wakati kotisoli, homoni ya stresi, inakuja kufika kileleni dakika 20 mpaka 30 baadaye. Ndo maana watafiti wanaipenda amilesi.

Ila mate yana vituko. Kwenye praktiko ya mock dogo mmoja wa form foo alishindwa kutema hata tone, mdomo umemkauka kwa woga, alipokuja kupata kidogo yanavutika kama bamia. Sasa hapo ukipima, amilesi imeongezeka au maji ndo yamepungua? Tena ukiamka asubuhi inashuka, halafu inapanda taratibu mchana kutwa hata kama umejilalia barazani. Chakula, chai, sigara, kubeba gunia, vyote vinaichezea.

Na kuna mambo ya kuzaliwa nayo. Mwaka 2007 watafiti walipima jamii mbalimbali wakiwemo Wahadzabe na Wadatoga wa hapahapa Tanzania, wakakuta jamii zinazokula sana wanga, kama mizizi ya Wahadzabe, kwa wastani zina nakala nyingi zaidi za jeni ya amilesi, na nakala zikiwa nyingi mate nayo huwa na amilesi nyingi. Kwa hiyo watu wawili wametulia tuli kabisa wanaweza kutoa namba zilizoachana mbali, ndo maana maabara mtu analinganishwa na yeye mwenyewe, kabla na baada, sio na jirani yake.

Nasikia jamaa kahamia Ujiji. Akikufikia mwambie akupime bure mara tatu, asubuhi kabla hujala, mchana na jioni, ndo akwambie ipi kati ya hizo namba ndo ya kununulia dawa.

Mwalimu, Kigoma