Risala ya Okestra ya Vijana kwa Mgeni Rasmi, Ngome Kongwe, Unguja

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi,
Wageni wetu kutoka Ujerumani na Nairobi,
Wazee wetu wa taarab, walimu, wazazi, mabibi na mabwana,

Assalaam alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama baada ya sala ya isha. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuitikia wito wa vijana wako. Itifaki imezingatiwa, na kwa kuwa wapigaji wenzangu wamekwisha kulinganisha nyuzi, na nyuzi za fidla hazikai muda mrefu kwenye hewa ya pwani, nitajitahidi nisikuchoshe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, onyesho la leo lina sehemu mbili. Tutafungua kwa bashraf, kama shughuli ya taarab asilia inavyofunguliwa, ala tupu bila mwimbaji. Hapo hutaona mtu amesimama mbele na kijiti. Mpiga fidla wa kwanza na mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa, wataangaliana na sisi tutafuata. Baadaye atapanda mwongozaji wetu mgeni kutoka Ujerumani pamoja na mpiga fidla wetu mgeni kutoka Nairobi, tupige nao "Majira ya Baridi" ya mtunzi wa Kitaliano Antonio Vivaldi.

Wapo waliotuuliza mitaani kwa nini tunahangaika na muziki wa watu wa mbali. Jawabu letu ni kwamba fidla si mgeni hapa. Kikundi cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, kile cha Culture Musical Club mwaka 1958, na mpaka leo huwezi kuitaja taarab asilia ukaiacha fidla. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy kilipofunguliwa hapa Mji Mkongwe mwaka 2002, hakikuleta fidla Unguja, kilizikuta. Tofauti iko katika namna ya kupiga. Kwenye taarab fidla zote hushika wimbo mmoja, kila mpigaji akiutia vionjo vyake. Kwenye okestra ya akina Vivaldi kila kundi lina njia yake, na ukipotea huna wa kumdandia.

Hilo tulilijua vizuri kwenye mazoezi. Kipande hiki huanzia chini: selo, zile fidla kubwa za sauti nzito, zinaingia peke yake, zinarudia nota moja moja kavukavu, kisha viola, zilizo kubwa kidogo kuliko fidla, juu yake, kisha fidla za pili, kisha za kwanza, mpaka baridi inajaa uwanja mzima. Mwongozaji alitusimamisha hapohapo, kabla hata mpiga fidla mkuu hajaingia. Hakukasirika. Alituomba tupige kwa ncha ya upinde tu, chini kwa chini, kila mmoja amsikie jirani yake kuliko anavyojisikia mwenyewe. Tuliozoea kushindana na spika za harusini ilitutoa jasho. Mtunzi amekusudia mtu anayetetemeka kwa baridi na kupiga miguu chini, meno yakigongana; katika sehemu ya mwisho mtu huyo anatembea juu ya barafu, anateleza na kuanguka. Sisi barafu tunayoijua ni ya kuwekea samaki pale sokoni Darajani, lakini kutetemeka tumejifunza.

Vivaldi mwenyewe, Mheshimiwa, alikuwa padri na mwalimu wa fidla mjini Venice, nao ni mji wa visiwani kama huu wetu. Mwaka 1703 alianza kufundisha katika nyumba iliyolea watoto waliotelekezwa, na waliopiga ala humo walikuwa wasichana. Watu walisafiri kutoka nchi nyingine kwenda kuwasikiliza. Majira yake manne, ambayo kipande chetu cha leo ni kimojawapo, yalichapishwa Amsterdam mwaka 1725. Wakati anaanza kazi ile, kuta hizi za Ngome zinazotuzunguka zilikuwa bado mpya.

Tunalitaja hili kwa sababu ukiangalia jukwaani utaona wasichana ni wengi kuliko wavulana. Kwa miaka mingi katika vikundi vyetu mwanamke aliimba na mwanamume akapiga ala. Wazazi waliokaa safu za nyuma ndio waliokubali binti zao warudi nyumbani magharibi imeshaingia, wamebeba kasha la fidla begani, majirani wakisema yao. Tunaomba uwatambue kwa kuwapigia makofi.

(Makofi.)

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sasa tunakuja kwenye shida yetu. Hatutakuomba fidla. Najua walimu wetu wananitazama, lakini tulikubaliana hivyo kwenye kikao. Fidla tumekuwa tukipewa na watu wa hisani, nasi tunawashukuru. Tatizo ni kwamba zikifika hapa zinaugua, na hatuna wa kuzitibu.

Fidla haishikizwi kwa misumari. Uso wake na mbavu zake hugandishwa kwa gundi inayopikwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, gundi ambayo makusudi yake ni kuachia pale mbao zinapovimba, ili zisipasuke. Masika yakiingia, unyevu ukapanda, mshono unafunguka. Kwa fundi anayejua, ni kazi ndogo: anasafisha, anatia gundi ileile, anabana, anasubiri ikauke. Sisi tunapeleka kwa seremala. Naye kwa wema wake anatia gundi nyeupe ya mbao, inashika kama chuma, na masika ya pili yakija kinachoachia si mshono tena, ni ubao wenyewe. Fidla mbili za namna hiyo tumeziweka pale kwenye meza karibu na lango. Tunakuomba ukitoka uzishike kwa mkono wako, uutazame ufa unavyopita chini ya daraja la nyuzi.

Nyuzi nazo zinaota kutu kwa hewa ya chumvi. Singa za upinde, ambazo ni za mkia wa farasi, zinalegea kwa unyevu hata skrubu ikikazwa mpaka mwisho. Haya tunayavumilia.

Ombi letu kubwa kwako ni moja: utusaidie kupata nafasi ya kijana mmoja kwenda kusomea ufundi wa kutengeneza fidla, arudi, akae hapa. Kisiwa hiki kina mafundi wa milango ya nakshi, wa majahazi, na wa udi, ile ala ya nyuzi. Mkono wa kushika patasi tunao, kinachokosekana ni elimu ya chombo hiki kimoja. Fundi mmoja atakuwa na faida kwetu kuliko kontena zima la fidla mpya. Pamoja na huyo, tunaomba chumba kinachofungika, chenye kiyoyozi, cha kuhifadhia vyombo wakati wa masika. Kwa sasa vinalala kwenye nyumba za walimu, na paa za nyumba za Mji Mkongwe tunazijua sote.

Wageni wetu wawili tunawashukuru sana. Mwongozaji amekaa nasi kwenye joto bila feni umeme ulipokatika, na mpiga fidla wetu amewapa wadogo zetu nyuzi za akiba kutoka kwenye kasha lake mwenyewe. Mchango mwingine ni wa mpiga ganuni wetu: Vivaldi alitaka kinanda cha kale kinachokwanyua nyuzi, sisi hatunacho, kwa hiyo ganuni itakaa mahali pake. Mwongozaji ameridhia, na kwa maoni yetu imependeza zaidi.

Mwisho ni maelekezo kidogo kwa hadhira. Usiku wa leo hakuna spika hata moja, tunaomba simu zizimwe. Vibanio vya nguo mnavyoviona kwenye karatasi za nota ni kwa ajili ya upepo. Kipande cha Vivaldi kina sehemu tatu. Ya katikati ni ya taratibu, fidla nyingine zinadonoa nyuzi kama matone ya mvua huku mgeni wetu akipiga kama mtu aliyekaa karibu na moto. Tukinyamaza baina ya sehemu, hatujamaliza. Na kwa wale waliokuja na noti zao mpya kama ilivyo ada ya taarab, kutunza kunaruhusiwa, ila msubiri sehemu ya tatu iishe, maana mpigaji akitunzwa katikati ya barafu atateleza kweli.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.