Barua ya Malalamiko: Chama cha Kuzikana Hakiwezi Kuridhia Bwawa la Tope Sumu kwa Niaba ya Kijiji

Katibu,
Chama cha Kuzikana cha Wanakijiji Waishio Dar es Salaam,
Tabata, Dar es Salaam.

Mkurugenzi Mtendaji,
Kampuni ya Uchimbaji Dhahabu,
Masaki, Dar es Salaam.

YAH: KUPINGA SAHIHI ZETU KUTUMIKA KAMA RIDHAA YA WANANCHI

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ripoti yenu ya tathmini ya athari kwa mazingira kuhusu bwawa jipya la tope sumu, yaani la kuhifadhia mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa na kuchenjuliwa, inasema kwamba jamii inayozunguka mgodi imeshirikishwa na imeridhia. Ushahidi ulioambatishwa ni karatasi ya mahudhurio ya kikao kilichofanyika hotelini Masaki. Waliosaini karatasi hiyo ni sisi.

Sisi ni chama cha kuzikana. Tunakusanya ada ya mwezi, tunakodi turubai na viti msiba ukitokea, na familia ikitaka, tunasafirisha mwili hadi nyumbani Kanda ya Ziwa. Katiba yetu haina kifungu cha migodi. Wanachama tunaishi Tabata, Mbagala na Gongo la Mboto, na hakuna hata mmoja wetu anayeteka maji chini ya ukuta wa bwawa lenu. Ripoti imetuandika "wawakilishi wa jamii". Nani alituchagua?

Mwaliko wenu ulisema ni kikao cha kufahamiana. Tulionyeshwa picha ukutani, tukala, tukasaini karatasi ya mahudhurio na nyingine ya nauli. Kwenye ile ya mahudhurio palikuwa na safu ya maoni, tukaiacha wazi kwa sababu hakuna aliyetuomba maoni. Nakala iliyomo kwenye ripoti ina safu hiyo imejazwa, kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja: "hana pingamizi". Hata mbele ya jina la mweka hazina wetu, mzee aliyesimama siku ile akauliza maji ya lambo la kijijini yataelekea wapi ukuta wa bwawa ukishajengwa. Mshauri elekezi wenu alimwahidi jibu la maandishi. Jibu halijaja, ila pingamizi lake limekwisha futwa.

Kijijini kwenyewe hapajaitishwa mkutano mkuu wa kijiji kuhusu jambo hili. Mtendaji wa kijiji anasema walifika vijana na gari, wakapigilia vigingi, wakaondoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 pamoja na Kanuni za Tathmini za mwaka 2005 zinataka wanaoathirika wajulishwe, wasikilizwe, na maoni yao yaingie kwenye ripoti kabla cheti cha mazingira hakijatolewa. Wanaoathirika, Ndugu Mkurugenzi, siyo wenye asili ya kijiji walio karibu na ofisi yenu.

Nilikuja kuisoma ripoti hiyo ofisini kwenu. Mapokezi niliambiwa niache simu, nisipige picha, nisitoe kopi. Mabuku yote ni ya Kiingereza, na muhtasari wa Kiswahili ni kurasa chache zinazoeleza zaidi ajira na zahanati. Niliinakili ramani kwa mkono. Upande wa chini wa ukuta, ramani inaonyesha eneo tupu lililoandikwa "pori la wazi". Pale ndipo ilipo mbuga yetu. Pana majaruba ya mpunga, pana lambo la kunyweshea ng'ombe, pana njia ya mifugo, na mbele kidogo kisima cha pampu kinachotumiwa na shule. Masika yakikolea, maji yote ya mlimani hushukia hapohapo. Aliyechora ramani hii ama hakufika, ama alifika kiangazi akakaa ndani ya gari.

Hatusemi mgodi usiwe na bwawa. Mawe ya dhahabu yakisagwa na kuchenjuliwa kwa sianidi, ambayo ni kemikali ya sumu, mabaki lazima yawekwe mahali, na tope hilo linaweza kubeba arseniki na metali nyingine ambazo hazipotei jua likiwaka. Tunachouliza ni hiki: ukuta utapandishwa kwa njia gani? Ripoti inasema "kwa awamu", basi. Bwawa la Brumadinho, Brazil, nalo lilipandishwa kwa awamu, kila awamu ikiegemea juu ya tope la zamani. Tarehe 25 Januari 2019 likaporomoka na kuua watu wapatao 270, na mwaka huohuo Brazil ikapiga marufuku njia hiyo ya ujenzi. Tusiende mbali: Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka, tope likafunika mashamba na nyumba. Hapakuwa na vifo, na almasi haichenjuliwi kwa sianidi. Lenu litakuwa la dhahabu.

Mnajitangaza kuwa mnafuata kiwango cha kimataifa cha mabwawa ya tope kilichotolewa Agosti 2020. Kiwango hicho kinataka watu wa chini ya bwawa washirikishwe katika maamuzi yanayowagusa na waandaliwe pamoja nanyi kwa dharura. Watu wetu hawajui hata king'ora kitafungwa wapi, wala wakimbilie upande gani.

Kwa hiyo tunataka majina na sahihi zetu ziondolewe kwenye ripoti, na mamlaka ya mazingira iarifiwe na ninyi wenyewe kwamba ziliondolewa na kwa nini. Aliyejaza safu ya maoni ajulikane. Ramani ichorwe upya mkiwa na wazee wa kijiji, mbugani, kwa miguu. Kisha uitishwe mkutano mkuu wa kijiji, mhandisi wa bwawa awepo mwenyewe badala ya afisa uhusiano, aeleze kwa Kiswahili na pawe na mkalimani wa Kisukuma kwa ajili ya bibi zetu, kwa kuwa ndio wanaolima yale majaruba. Maswali na majibu yaandikwe kwenye muhtasari, usomwe palepale kabla ya mtu yeyote kusaini. Na ielezwe ni nani atakayelipia ulinzi wa bwawa na upimaji wa maji ya visima mgodi ukishafungwa, maana tope litabaki ninyi mkiwa mmeondoka.

Nauli mliyotupa tumeichanga, imo ndani ya bahasha iliyoambatana na barua hii pamoja na orodha ya waliorudisha. Tunaomba stakabadhi.

Mwenyekiti wa kijiji anasubiri mumpangie tarehe. Ipangwe kabla ya masika, kwa sababu mvua zikianza barabara ya kijijini haipitiki na hatutaki hiyo iwe sababu ya kurudi tena hotelini.

Wako,
Katibu wa Chama

Nakala:
Mamlaka ya usimamizi wa mazingira, Kanda
Mkuu wa Wilaya
Mtendaji wa Kijiji