Jumamosi: kiuno kwanza, nguzo baadaye

Mashosti mambo, Jumamosi saa kumi jioni tunaendelea na belidansi kwa vidio, kila mtu sebuleni kwake, sogeza meza na ufunge kanga chini kwenye nyonga maana ukiifunga juu hujui kama ni nyonga inatembea au tumbo tu linahangaika 😂 magoti yalegee, mabega yatulie, waliozoea chakacha mtaona hii ya Wamisri wala si ngeni sana. Wa kudansi kwenye nguzo nisikilizeni, ile nguzo ya kukaza kwa presha kati ya sakafu na dari haisimami kwenye dari ya jipsamu, tafuta zege au boriti, yangu ilishuka nami nikiwa juu na mwenye nyumba hajui mpaka leo. Na msipake losheni siku hiyo, mtateleza jamani