Saa ya James Bond: tutenganishe kitabu na filamu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nirekebishe jambo moja lililomo katika makala mliyochapa Jumamosi iliyopita kuhusu saa za watu mashuhuri. Mwandishi wenu alisema kwamba James Bond, yule jasusi wa kubuniwa wa Uingereza, alivaa Omega tangu mwanzo, na kwamba Ian Fleming aliyemtunga ndiye aliyemchagulia saa hiyo. Fleming alifariki dunia Agosti 1964, na Omega haikufungwa mkononi mwa Bond hadi filamu ya mwaka 1995. Katika miaka iliyopita kati ya matukio hayo mawili, mkono huo uliwahi kuvaa Rolex, Breitling na hata Seiko ya kidijitali, kila moja kwa sababu za watengenezaji wa filamu, ambazo hazimhusu marehemu.

Nimekuwa fundi saa kwa zaidi ya miaka thelathini kabla macho hayajachoka, na vitabu vya Fleming nilivisoma dukani wakati wateja wakiwa wachache, baada ya kuwamaliza akina Willy Gamba wetu. Kwa hiyo swali hili, la Bond alivaa saa gani, nimeishi nalo muda mrefu, na ninaona kwamba wengi hulijibu kwa kutazama picha badala ya kusoma maandishi.

Hata wale wanaojua kwamba jibu ni Rolex, aghalabu husema ni Submariner, saa ya wapiga mbizi, kwa sababu ndiyo aliyoivaa mwigizaji Sean Connery katika filamu ya kwanza ya mwaka 1962. Hilo ni kweli kwa filamu. Lakini Connery aliivaa kwa mkanda wa ngozi, na mwaka 1964 akaivaa kwa mkanda wa kitambaa wenye mistari, mwembamba kuliko nafasi ya kuufungia, kasoro ambayo fundi yeyote huiona papo hapo. Saa iliyomo kitabuni ina mkanda wa chuma, tena wa aina ile inayovutika na kurudi. Sababu hiyo pekee ilitosha kumfanya mtu asite kabla ya kuzifanya saa hizo mbili kuwa moja.

Tukivifungua vitabu vyenyewe, tunakuta kwamba katika riwaya ya kwanza, iliyotoka mwaka 1953, saa ya Bond haina jina. Katika ya pili, ya mwaka 1954, Bond anapiga mbizi usiku huko Jamaica kwenda kutega bomu, anaitazama Rolex mkononi mwake, na ni saa tano na dakika tatu. Hatuambiwi zaidi ya hapo. Cha ajabu ni kwamba mwandishi huyu hakuwa mvivu wa kueleza saa alipotaka. Mwaka 1957, katika ukurasa wa mwanzo kabisa wa riwaya yake ya tano, anamlaza muuaji aliyeajiriwa na Warusi kando ya bwawa la kuogelea, na saa ya huyo muuaji anaitaja kwa kituo: ni Girard-Perregaux ya dhahabu, ina mkanda wa ngozi ya mamba, na usoni ina vidirisha vya tarehe, mwezi na umbo la mwezi wa angani. Adui amepewa saa yenye maelezo kamili ilhali shujaa hakuambulia zaidi ya jina la kiwanda. Kwangu mimi hilo halikuwa sahau, kwani saa ya madoido inamfaa mtu wa kujionyesha, na Bond hakukusudiwa kuwa mtu wa namna hiyo kuhusu saa yake.

Ushahidi wa dhana hiyo umo katika barua ya Fleming mwenyewe. Mwaka 1958 msomaji mmoja alimwandikia akipendekeza Bond avae Rolex. Fleming akamjibu kwa mzaha kwamba amelizungumza jambo hilo na 007, yaani Bond mwenyewe, naye amesema Rolex Oyster Perpetual ina uzito wa wakia sita hivi na ingeuchelewesha mkono wake wa kushoto, kwa hiyo yeye hutumia saa za bei nafuu zisizomtia uchungu zikiharibika, zenye mkanda wa chuma unaovutika, ambao anaweza kuusogeza mbele hadi kwenye vidole na kuugeuza chuma cha kupigia ngumi. (Wakia sita ni karibu gramu 170; mizani yangu haijapata kusoma hivyo kwa saa ya chuma ya aina hiyo, lakini tumsamehe, alikuwa akitania.) Basi mwaka 1954 Bond ana Rolex, mwaka 1958 muumba wake anaikataa kana kwamba hakuwahi kumpa.

Kisha ikaja riwaya ya mwaka 1963, na humo ndimo umo ushahidi mkubwa kuliko wote tulio nao. Bond amekwama kwenye kilele cha mlima Uswisi bila bastola, anahesabu silaha zake, na miongoni mwake ni Rolex Oyster Perpetual nzito yenye mkanda wa chuma unaovutika. Anaizungusha kwenye vidole, anampiga nayo mlinzi, na saa inavunjika. Sikukuu ya Krismasi, akiwa nyumbani kwa mkubwa wake, anaunyanyua mkono kutazama saa na kukumbuka kwamba hana. Anawaza kwamba serikali itamlipia nyingine maduka yakifunguliwa, na kwamba pengine itakuwa Rolex tena, kwani ingawa ni nzito zinafanya kazi, na zina tarakimu kubwa zinazoonekana gizani.

Hapa wasomaji wasio mafundi huteleza mara mbili. Kwanza, Oyster Perpetual si aina moja ya saa. Oyster ni kasha lisilopitisha maji, ambalo Rolex walilitoa mwaka 1926, na Perpetual ni mtambo unaojitia ufunguo wenyewe kadiri mkono unavyotikisika, uliofuata mwaka 1931. Maneno hayo huandikwa kwenye uso wa Submariner na pia kwenye saa nyingine nyingi za kampuni hiyo, kwa hiyo peke yake hayatambulishi ni saa ipi. Pili, neno la kushika ni tarakimu. Submariner aliyoivaa Connery haina tarakimu usoni. Ina nukta, vijiti na pembetatu juu, na namba zake ziko kwenye pete ya nje. Rolex iliyokuwa na tarakimu kubwa za kung'aa, yaani 3, 6 na 9, ni Explorer. Na saa aliyoivaa Fleming mwenyewe ilikuwa Explorer, ya namba 1016, toleo lililoanza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Ninavyoona mimi, Fleming aliacha kuidharau Rolex alipopata yake, na alipoandika riwaya hiyo nyumbani kwake Jamaica mwanzoni mwa mwaka 1962, alieleza alichokuwa akikiona mkononi mwake. Huo ni uamuzi wangu kutokana na ushahidi, wala siuiti uthibitisho, kwa sababu jina Explorer halimo katika kifungu hicho, na Rolex ya mwaka 1954 haiwezi kuwa ya namba 1016 kwa kuwa namba hiyo haikuwapo bado. Aidha, kazi ya kupiga picha za filamu ile ya kwanza ilikuwa ikiendelea kisiwani humo humo majuma yale yale, na anayetaka kusema kwamba saa ya Connery ndiyo iliyomvutia mwandishi ana haki ya kusema, ila itambidi anieleze hizo tarakimu zilitoka wapi.

Naomba basi, mkichapa masahihisho, mwandike kwamba saa ya Bond wa vitabuni ni Rolex Oyster Perpetual ambayo aina yake haikutajwa, na kwamba saa ya Fleming ni Explorer. Omega ibaki kwenye orodha ya filamu, kuanzia mwaka 1995.

Wako,
Fundi saa mstaafu,
Tanga.