Ngomeni isisahaulike katika safari ya anga za juu

Mhariri,

Aprili 2025 Shirika la Anga za Juu la Afrika lilizinduliwa rasmi jijini Cairo. Tulilisubiri tangu Umoja wa Afrika upitishe hati ya kuliunda mwaka 2018, nami nimefurahi kwelikweli. Sasa serikali zitoe fedha, kwa kuwa vipaji tunavyo. Rwanda ilipata setilaiti ya RwaSat-1 mwaka 2019, Uganda PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, kisha wahandisi Wakenya wakabuni Taifa-1.

Kinachoniuma ni kwamba Taifa-1 ilitengenezwa kwa ushirikiano na kampuni ya Bulgaria, ikarushwa kutoka California Aprili 2023. Huku kwetu Ngomeni, karibu na Malindi, setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka baharini tarehe 12 Desemba 1970! Roketi ya mwisho kupeleka setilaiti kutoka hapo iliruka 1988. Kituo kingali kinaendeshwa na Waitaliano.

Naomba Shirika hili jipya, pamoja na serikali za Afrika Mashariki, ziketi na Italia kuhusu Ngomeni. Zianze na maabara ya pamoja ya kuunganisha na kujaribu setilaiti, ambamo vijana wa Kampala, Kigali na Nairobi watafanya kazi bega kwa bega.

Msomaji wako,
Malindi